Kiangazi Ambacho Hatukufika Brno

Stella alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, mwezi wa tatu, nikiwa napiga pasi gauni la kanisani. Nilipoona jina lake nilidhani nimekosea kusoma, maana yeye na mimi tulikuwa hatujazungumza kwa muda mrefu, kiasi kwamba binti yake niliyemwacha akitambaa sasa alikuwa anaendesha gari. Hakusalimia. Alisema, "Pina, Baba amefariki," kisha nikasikia anavuta pumzi kwa nguvu, nami nikabaki nimeshika pasi ya moto bila kujua niiweke wapi. Mzee Gervas, baba yake, hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa baba mwenye nyumba, na mimi nilikuwa mpangaji wao, yeye na mkewe Mama Stella, katika chumba cha chini ya ardhi kule Malton, pembeni ya Toronto. Hata baada ya mimi kuhama, alinipigia simu kila Krismasi, mazungumzo mafupi ya kuulizana afya. Kuna watu unaoishi nao mwaka mmoja tu wakakuachia zaidi ya ulichopata kwa miaka yote mingine, na mimi mwaka wangu huo niliupata kwao.

Tulimzika ardhi ikiwa bado ngumu kwa baridi. Baadaye, kwenye ukumbi wa kanisa, kulikuwa na pilau, ndizi za nyama na soda, na akina mama wa jumuiya wakibishana kwa sauti ya chini juu ya nani amechukua mwiko mkubwa. Binti wa Stella akaja kukaa karibu nami na sahani yake. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli babu yake aliwahi kuishi Ucheki, au zilikuwa hadithi za wazee tu. "Ni kweli," nikamjibu kwa Kiswahili. "Na bibi yako alikwenda kuiona nchi hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa dereva." Alinielewa vizuri. Akauliza tena kwa Kiingereza, je, bibi alipapenda? Watu walikuwa wamepanga mstari wa chakula nyuma yetu, na mama yake alikuwa akitutazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nikamwambia alipapenda. Lilikuwa jibu la kweli lakini fupi mno, na tangu siku ile limekuwa likinisumbua kama mwiba wa samaki kooni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimepata pasipoti ya Kanada mwaka uleule, na kazi yangu ilikuwa kuendesha lori linalopeleka vyakula kwenye ndege pale uwanjani. Nyumba ya akina Mzee Gervas ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege. Kila ndege iliposhuka, vikombe vya kabatini viligongana, na Mama Stella alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi mpaka ipite, kisha anaendelea palepale alipoachia. Nilikuwa na jiko langu dogo kule chini, lakini sikumbuki kulitumia. Nikirudi kazini nilikuta ndizi na maharage juu ya meza yao, zimefunikwa kwa sahani, na kama Mama yuko macho alikaa na kunitazama nikila mpaka nimalize. "Kula, Pina," alikuwa akisema. "Hakuna mwanamume atakayeoa mifupa." Nikimjibu kwamba sitafuti mwanamume, anacheka na kuniongezea maharage.

Siku za Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ilikuwa zamu ya Mzee. Aliposhiba alianza kusimulia Chekoslovakia, nchi ambayo hata jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye ramani. Serikali ilimpeleka huko akiwa kijana, muda si mrefu baada ya uhuru, kusomea uhandisi wa mitambo katika mji wa Brno. Alikaa miaka sita. Alirudi, akaajiriwa kwenye kiwanda cha sukari, akaoa, akazaa, na maisha yake yote ya kazi yakaishia kwenye mashine za kukamua miwa, mpaka Stella alipowavuta wote wawili kuja Toronto. Lakini ukimsikiliza Jumapili ungedhani ameondoka Brno juzi. Alijua duka la mkate lilikuwa kona ipi, tramu, treni ya barabarani, ilipiga kengele wapi, na bibi mwenye nyumba wake aliweka wapi funguo. Mama alikuwa ameyasikia yote hayo tangu siku ya harusi. Hakuweza kulitamka jina la mji huo. Alisema "Burno", na Mzee alipomsahihisha alirudia "Burno" kwa makusudi, na wote wawili wakacheka mzaha uleule waliouchekea miaka yote.

Mwezi wa nne Mama alianza kukonda. Tulisema ni vidonda vya tumbo, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyosema, na Stella alikuwa akija kutoka kwake Pickering kila wiki na dawa za vidonda vya tumbo na uji wa lishe. Mzee hakuweza tena kuendesha gari. Presha ya macho ilikuwa imekula uoni wake pembezoni, na katikati alibakiwa na kama tundu la bomba la kutazamia, nalo likiwa na ukungu. Stella alikuwa kazini. Kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka Mama hospitali kuchukua majibu, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na kanisani tu, mimi ndiye niliyemtafsiria. Chumba kilikuwa kidogo. Ukutani palikuwa na picha ya ziwa, na mezani palikuwa na boksi la tishu lililosogezwa upande wetu. Nilipoliona lile boksi nikajua. Daktari alizungumza polepole, akinitazama mimi badala ya Mama, na kila alipomaliza sentensi alingoja nifanye kazi yangu.

"Mama," nikasema, "anasema siyo vidonda. Ni saratani. Iko kwenye kongosho, na imeshasambaa. Wanaweza kukupunguzia maumivu."

Mama alikuwa akitazama mikono yangu. "Kupunguza," akasema. "Siyo kuondoa."

"Siyo kuondoa, Mama."

Nilidhani atalia, nikavuta lile boksi. Hakuligusa. Akasema, "Muulize kama naweza kupanda ndege."

Tuliporudi kwenye gari alinikataza kuliwasha. Aliniambia anataka kwenda kuiona Burno, yeye na Mzee, kiangazi kilekile, na kwamba mimi ndiye nitakayewaendesha. Nikamuuliza kwa nini asiende Bukoba, kwao. "Bukoba kuna watu wa kunililia," akasema. "Nataka mwezi mmoja bila mtu wa kunililia." Kisha akanishika mkono. Mzee asijue, wala Stella asijue, mpaka yeye mwenyewe aseme. Nikamwambia siwezi, kwamba huo ni mzigo mkubwa kwangu. "Unaweza," akasema. "Mzee akijua leo, kuanzia kesho mimi ni mgonjwa wake. Sasa hivi bado ni mke wake. Niachie nibaki mke kidogo." Nimefikiri mara nyingi juu ya neno lile, hasa tangu nilipoolewa. Siku ile sikulielewa vizuri. Niliwasha gari tu nikampeleka nyumbani, na jioni akapika kama kawaida.

Mzee alilipokea wazo la safari kama mtoto aliyepewa viatu vipya. Alitandaza ramani mezani na kuinama mpaka pua ikaigusa. Ratiba yake ilikuwa hivi: tutaanzia mji mkuu, Praha, twende kaskazini kwenye mashamba ya hopsi, mmea wa kutengenezea bia, ambako wanafunzi walikuwa wakipelekwa kuvuna, halafu kusini kwenye mabwawa ya samaki, halafu mashariki, Brno, tukae wiki nzima. Mama ndiye aliyesema hataki hoteli. Alitaka gari lile alilowahi kuliona kwenye televisheni, lenye kitanda na jiko ndani, ili apike mwenyewe. Mzee akasema ni wazo zuri sana. Mimi peke yangu nilijua kwamba Mama alichotaka ni kitanda kisichokuwa mbali naye hata hatua tatu.

Gari tulilipangisha nje kidogo ya Praha mwezi wa saba. Lilikuwa jeupe, refu, lenye harufu ya gesi na kahawa ya watu waliotutangulia. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na benchi ambalo ukilivuta linakuwa kitanda. Kando yake jiko la mafiga mawili, sinki kama bakuli, na juu ya vichwa vyetu kitanda changu, ambacho nilikipanda kwa ngazi na nikiinuka ghafla nagonga paji la uso. Mzee alikaa mbele pamoja nami akiwa na ramani asiyoweza kuisoma gari likitembea. Mama alikaa kwenye benchi, nyuma yangu hasa, na hapo ndipo tulipokubaliana ishara yetu: maumivu yakimzidi atanigusa bega, nami nitatafuta sababu ya kusimama.

Alinigusa siku ya kwanza, kabla hatujafika hata nusu ya njia ya kaskazini. Nilishtuka. Nikasema jambo la kwanza lililonijia, kwamba gari linachemka. Nikaegesha kando ya barabara, chini ya miti ya cherry, vitunda vyekundu vya huko. Mzee akashuka, akapapasa mpaka mbele, akafungua boneti, akaweka mikono kwenye injini, akasikiliza. Mimi nilisimama pembeni nikiogopa, kwa maana mshale wa joto ulikuwa umetulia mahali pake. "Kweli," akasema mwishowe. "Linataka kupumzika. Tusiliharakishe." Ndani, Mama alikuwa amejikunja na kitenge mdomoni. Tulikaa pale mpaka dawa ikamshika, Mzee akichuma cherry kwa kupapasa matawi na kutuletea kwenye kofia yake. Jua likashuka, tukalala kwenye kambi ya karibu, na mashamba ya hopsi hatukuyaona. Kesho yake asubuhi Mzee mwenyewe akasema, "Hopsi ni majani tu. Twende kusini."

Ikawa hivyo kila siku. Mara nasema breki zinanuka, mara tairi linavuta upande, mara barabara imefungwa mbele na yeye hawezi kuona kama kuna kibao au hakuna. Kila mara Mzee alishuka, akagusa, akasikiliza, akakubali. Siku moja alinitajia hata ugonjwa: "Ni pampu ya maji, lakini itajirudi." Nilianza kujiona hodari wa kudanganya. Usiku nilijiambia kwamba uzee umemchosha, kwamba mtu aliyekaa na mashine maisha yake yote sasa hawezi kutofautisha injini nzima na mbovu, na nilimwonea huruma. Ratiba yake tuliibomoa kipande baada ya kipande. Mahali tulipopanga kupita tulilala, mahali tulipopanga kulala tulipita. Tuliishia kukaa siku nyingi karibu na bwawa moja ambalo halikuwa hata kwenye mipango, kwa sababu tu siku ile tulipofika hapo Mama hakuweza kukaa wima.

Nikikumbuka sasa, naona siku zile za bwawani ndizo zilikuwa safari yenyewe. Kulikuwa na duka la mkate kijijini, na Mzee alikwenda kila asubuhi akiwa amenishika mkono. Mara ya kwanza alifungua mdomo akazungumza Kicheki, kizito, cha kizamani, na mwanamke wa dukani akaacha alichokuwa akifanya. Akamjibu. Mzee akasema jambo jingine, na mwanamke akaangua kicheko, na Mzee naye akacheka, kicheko cha juu, cha kijana, kikapanda mpaka kikakatika. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Nilipogeuka nikamwona Mama mlangoni. Alikuwa ametufuata taratibu, amejifunga khanga kiunoni, ameegemea fremu ya mlango, na anamtazama mume wake kama mtu anayemtazama mgeni anayefanana na jamaa yake.

Siku hiyo Mzee alipika yeye. Alitengeneza matonge ya unga yenye tunda ndani, yale aliyofundishwa na bibi mwenye nyumba wake, akayachemsha kwenye sufuria yetu moja na kuyanyunyizia sukari na siagi. Yalitoka makubwa kuliko ngumi, moja likapasuka. Mama, aliyekuwa hajala kitu kigumu kwa siku kadhaa, alikula matatu. Mvua ikaanza. Nilipanda kitandani kwangu nikalala, au walidhani nimelala, na ile mvua ya mchana ikigonga bati la gari niliwasikia wakizungumza pale chini.

"Kumbe unaweza kucheka vile," Mama alisema.

"Vile vipi?"

"Kama leo dukani. Miaka yote hii, Gervas, hujawahi kunichekea vile."

Nikasikia Mzee akiweka kikombe chini. "Nilikuwa kijana nilipojifunza lugha hii. Nikiizungumza, nakuwa kijana. Siyo kwamba nilikuficha."

"Sijasema umenificha. Nasema nimefurahi nimekiona. Ningekufa sijakiona."

Nikasubiri. Nilidhani sasa Mama atamwambia, kwamba mlango umeshafunguka, kilichobaki ni kuingia tu. Lakini Mzee alisema, "Nikuongezee chai?" na Mama akasema, "Niongezee," na nikasikia maji yakimiminwa. Nilikasirika. Niliwaona kama watu wawili waliosimama pande mbili za pazia, kila mmoja akiogopa kulisogeza. Nilikuwa msichana, nilidhani kila jambo linalojulikana lazima lisemwe.

Mwishoni mwa wiki ya tatu Mama alituambia asubuhi, kwa sauti ya amri, kwamba siku hiyo tunakwenda Burno bila kusimama. Alikuwa amevaa gauni zuri la kitenge cha rangi ya machungwa alilolileta kwa ajili ya siku hiyo, na lilimning'inia mabegani kama limetundikwa. Njia nzima hakunigusa bega. Nilimwona kwenye kioo, midomo imekuwa ya kijivu, jasho linamtiririka, na kila gari liliporuka kwenye shimo alifumba macho. Nilipunguza mwendo. Akasema, "Endesha, Pina." Mzee alikuwa pembeni yangu, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyofanya kila anaposikiliza mashine.

Tulipanda kilima. Juu kabisa, ambapo barabara inaanza kushuka, mji ulitokea kwa mbali bondeni. Mzee hakuuona, lakini nadhani alijua kwa namna barabara ilivyopinda. Akasema, "Simama hapa."

"Bado kidogo tu, Baba," nikasema. "Tumeshafika."

"Gari lina hitilafu."

"Hapana, Baba. Leo gari zima kabisa."

"Pina," akasema bila kupandisha sauti, "mimi ndiye fundi. Lina hitilafu tangu siku ya kwanza, na kila siku nimekuwa nikishuka kuitafuta kwenye injini, kwa sababu ndipo mlipotaka niitafute. Simama."

Nikasimama. Malori yalikuwa yakitupita na kulitikisa gari. Kisha Mzee akajigeuza kitini, akanyoosha mkono nyuma akipapasa mpaka akaupata mkono wa Mama. "Nasikia unavyopumua, Anastazia. Toka Toronto nasikia. Nilidhani ukitaka utaniambia."

"Nilitaka ufike," Mama akasema. "Nilitaka nikuone ukiwa umefika."

"Uliniona dukani."

Hapo Mama akalia. Hata ile siku ya hospitali sikumwona akilia, na sikujua nitazame wapi, nikatoka nje. Baada ya muda mlango wa pembeni ukafunguka, nao wakashuka, Mama akimwegemea Mzee na Mzee akimfuata yeye, kila mmoja akimwongoza mwenzake. Walisimama kwenye majani kando ya barabara. "Niambie unaona nini," Mzee akasema. Mama akaweka mkono juu ya macho. Akasema anaona kanisa lenye minara miwili myembamba, kama sindano. Mzee akasema ndiyo, na upande wa kushoto je? Kilima chenye miti, Mama akasema, na jengo kubwa juu yake kama gereza. "Ni ngome," Mzee akasema. "Chini ya ngome hiyo ndiko nilikokuwa nikiishi. Kuna moshi?" Hakukuwa na moshi, lakini Mama akasema upo kidogo. Waliendelea hivyo mpaka Mama akachoka kusimama. Kisha Mzee akaniambia nigeuze gari, na mimi nikaligeuza, na Brno hatukuingia.

Tulimpeleka hospitali ya mji mdogo tulioupita asubuhi. Daktari alikuwa kijana, na hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo safari hii Mzee ndiye aliyetafsiri. Nilikaa kwenye kiti cha korido na mlango uko wazi. Nilimsikia daktari akizungumza, na nilimwona Mzee akisikiliza, mikono ameishika nyuma kama mwanafunzi anayesomewa matokeo, na nilielewa kwamba kila neno analolisikia analisikia kwa lugha ya ujana wake, lugha ile aliyokuwa akichekea. Daktari akamaliza. Mzee akamgeukia Mama ili atafsiri, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Mama akamwambia, "Najua, baba. Nilishatafsiriwa." Akamshika kichwa akakilaza kifuani pake, yeye mgonjwa akimtuliza mzima.

Tulirudi Toronto mapema kuliko tiketi zilivyosema. Mama alikataa hospitali. Alilazwa sebuleni, kwenye kitanda cha kukodi kilichotazama mlango wa jikoni, ili asikie nani anapika nini. Muuguzi alikuja asubuhi na jioni. Mzee alikaa karibu naye kutwa nzima, na kwa kuwa hakuweza kumsomea kitu, alimsimulia. Hakusimulia tena Chekoslovakia. Alimsimulia yeye mwenyewe Mama: siku alipomwona mara ya kwanza akitoka misa na viatu mkononi kwa sababu ya tope, mashamba aliyolima, watoto wawili waliowazika kabla ya Stella. Nilikuwa jikoni nikiosha vyombo na nikayasikia, na niliogopa hata kuweka sahani chini kwa kelele. Ndege zilipopita sasa Mzee ndiye aliyekuwa akinyamaza, kisha anaendelea palepale. Mama alifariki majani ya miti ya mbele ya nyumba yakiwa yanaanza kuwa mekundu, mchana, Mzee akiwa katikati ya maneno. Alizikwa hukuhuku, kama alivyotaka, karibu na wajukuu.

Stella alingoja mpaka wageni wa msiba wakaisha. Alinikuta jikoni nikifunga mabaki ya chakula. Alikuwa na macho makavu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ulijua tangu mwezi wa nne," akasema. "Baba ameniambia. Ulijua, ukaniona nikija kila wiki na dawa za vidonda vya tumbo, ukanifungulia mlango, ukaniambia karibu, Dada Stella."

"Mama aliniomba, Dada."

"Najua alikuomba! Ndiyo maana siwezi kumkasirikia." Akashika ukingo wa sinki. "Wewe uliagana na mama yangu kiangazi kizima. Uliona akila, uliona akicheka, ulimvusha bahari. Mimi niliagana na mtu asiyeweza kuinua kichwa. Hicho ulichopata wewe kilikuwa changu, Pina. Kilikuwa changu."

Nikafunika bakuli lililokuwa mbele yangu. Hata leo, ningeambiwa nirudie, ningemtii Mama tena. Na Stella angekuwa na haki ya kunichukia tena. Mambo hayo mawili nimejifunza kuyabeba pamoja, moja kila mkono. Akaniambia, bila ukali, kwamba ingekuwa vizuri nitafute mahali pengine pa kukaa, kwa kuwa Mzee anahamia kwao Pickering na nyumba itauzwa. Nilipata chumba karibu na mwisho wa mwezi.

Siku niliyoondoka theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyepesi, ya kuyeyuka. Mzee alishuka ngazi za chini akishika ukuta, akauchukua mfuko wangu mkubwa, na nilipojaribu kumnyang'anya akasema, "Acha." Akaupandisha ngazi moja moja mpaka mlango wa mbele. Pale akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema, "Usimchukie Stella. Mwache akasirike, hasira yake ni mapenzi yaliyokosa pa kwenda." Nikamwambia simchukii. Akasema, "Ulinifikisha," na kabla sijamwambia kwamba hatukufika popote, akaniachia.

Nilivuka barabara nikasimama kituoni kungoja basi. Mzee alikuwa bado mlangoni, hana koti, ameinua mkono ananipungia. Lakini macho yake hayakufika mahali nilipokuwa. Alikuwa akipungia upande mwingine, kule kwenye nguzo ya taa, ambako hapakuwa na mtu. Nilitaka kumwita, nikaona nitamwaibisha. Nikainua mfuko wangu, nikatembea juu ya theluji mpaka kwenye ile nguzo, nikasimama pale alipokuwa akipungia, na mimi nikainua mkono.